Usiku wa Mtoto Huanzia Mchana: Kumlaza Mtoto Mchanga Katika Nyumba za Lamu

Mtoto akizaliwa Lamu, nyumba hujaa watu, na kila aingiaye huja na lake kuhusu usingizi. Bibi atasema apewe maji kidogo, koo limemkauka. Shangazi atasema apakwe wanja, amepatwa na jicho. Jirani atasema iko dawa dukani, kijiko kimoja tu na mtalala nyote mpaka alfajiri. Wote wanasema kwa mapenzi. Lakini mama anayeamshwa mara tano kwa usiku mmoja anahitaji mpangilio: aanze na lipi, lifuate lipi, na lipi aache kabisa. Hilo ndilo ninaloliandika hapa, tangu wiki ya kwanza mpaka mtoto atimize mwaka, kwa nyumba zetu zilivyo, kwa joto letu, na kwa punda wetu wanaolia saa nane za usiku.

Ninaloliamini kuliko yote ni kwamba usiku wa mtoto huanzia mchana. Mama anayehangaika saa tisa za usiku akitafuta la kufanya amechelewa. Mengi yalikuwa ya kufanywa asubuhi na jioni. Nasi wa pwani tumerahisishiwa. Jua letu halina msimu wa kuchelewa: saa ya Magharibi hapa Lamu hupanda na kushuka kwa kiasi cha nusu saa tu mwaka mzima, na siku yenyewe imeshagawanywa na adhana. Mtoto hujifunza kwa kurudiwa-rudiwa, na nyumba yenye swala tano ina marudio tele bila mtu kutazama saa.

Kwanza ujue umri wake unaruhusu nini

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya miezi 4 anahitaji saa 14 hadi 17 za usingizi katika saa 24, na wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Ni nyingi, ila kwa kichanga huja vipande vipande. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama hayakai sana tumboni, naye hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Wiki za mwanzo mwili wake haujui kuwa kuna usiku. Huanza kujua baina ya miezi 2 na 4, na hapo ndipo usingizi wa usiku huanza kurefuka wenyewe ukisaidiwa.

Usijipime kwa mtoto wa jirani. Watafiti wengi waliposema mtoto "amelala usiku mzima" walimaanisha saa sita ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri, yaani saa 5 tu. Utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2018, wa watoto 388, ulionyesha kuwa katika miezi 6 asilimia 38 walikuwa bado hawalali saa 6 mfululizo, na katika miezi 12 asilimia 28 walikuwa hivyo hivyo. Watoto hao hawakuwa nyuma kwa ukuaji wa akili wala wa viungo. Kwa hiyo mtoto wa miezi 5 anayeamka mara mbili kunyonya na kurudi kulala analala vizuri, hata kama shangazi yake anasema wa kwake alilala mpaka asubuhi tangu arobaini.

Kitu kingine cha kukijua mapema: usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko mifupi, wa dakika 50 hivi, na kila mzunguko ukiisha huibuka karibu na kuamka. Hasumbuki, hataki kitu, anachungulia tu. Akikuta mambo yako vile vile alivyoyaacha, hurudi. Akikuta yamebadilika, hulia. Kazi yetu katika hatua zote zinazofuata ni kumfanya arudi.

Hatua ya 1: Mwonyeshe mchana, hata ndani ya arobaini

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kuzuia jua. Kuta nene, madirisha machache, vyumba vilivyofuatana kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kuingia ndani, na kila ukienda ndani giza linazidi. Ni baraka kwa joto, lakini mzazi hulazwa huko huko ndani siku zake 40, pazia limeteremshwa, na mtoto pembeni yake. Kichanga huyo anakaa wiki tano, sita, bila kuona tofauti ya saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku. Kisha tunashangaa anapolala mchana kutwa na kukesha.

Huna haja ya kuvunja arobaini. Asubuhi jua likishachomoza, fungua dirisha na pazia, au sogea na mtoto mpaka ukingoni mwa kiwanda, kivulini, mwanga wa anga uwafikie. Mnyonyeshe hapo. Robo saa hadi nusu saa yatosha, na urudie tena alasiri. Jua kali la mchana usimweke. Ngozi yake haiwezi na hahitaji. Ni mwanga wa kawaida wa mchana unaotakiwa, ule wa kukuwezesha kuona rangi za leso vizuri.

Mchana pia usinyamazishe nyumba. Acha watoto wacheze, acha kinu kitwangwe, acha redio iseme. Akilala zaidi ya saa 3 bila kunyonya, mwamshe kwa upole: mvue, mpanguse miguu kwa kitambaa chenye maji, mweke ziwani. Maziwa aliyoyakosa mchana atayadai usiku, na hakuna wa kumlaumu.

Hatua ya 2: Mahali pa kulala

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye hatari, na mtoto aliyelala mahali pabaya ni afadhali asilale.

Mlaze chali, kila mara, mchana na usiku, mpaka atimize mwaka. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana. Wazee wengi wanaogopa kuwa akilala chali atapaliwa akicheua. Kwa kweli njia ya hewa ya mtoto aliyelala chali iko juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi hayaingii kirahisi. Akishaweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, mlaze chali kisha umwache achague.

Godoro liwe gumu na la bapa, shuka imevutwa na kupenyezwa chini. Mto hapana, hata ule mdogo wa sufi ulioshonwa kwa upendo kwa ajili yake. Blanketi zito hapana, mwanasesere hapana, leso iliyolegea karibu na uso hapana. Ikiwa unataka asikie harufu yako, chukua leso uliyoivaa mchana, itandike juu ya godoro na uibane kwa nguvu chini pande zote nne. Hiyo inasaidia kweli, hasa kwa mtoto anayeamka kila awekwapo chini.

Alale chumba chako, kwa miezi 6 ya kwanza walau. Kitanda chake kikiwa pembeni ya chako ndiyo njia salama zaidi. Najua nyumba nyingi mtoto analala na mama, na mama akichoka humnyonyesha akapitiwa. Basi panga kitanda kana kwamba utapitiwa. Mito yote ikae mbali na mtoto. Asilale katikati ya mama na mtoto mwingine. Asisukumwe ukutani, kwani nafasi iliyo baina ya godoro na ukuta ndiyo inayobana pua. Vitanda vya zamani vya samadari viko juu sana; ni bora godoro literemshwe sakafuni kwa miezi hiyo. Na asilale kabisa kitanda kimoja na mtu anayevuta sigara, aliyekunywa dawa ya kuleta usingizi au pombe, wala ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5. Kochi ni hatari kuliko kitanda: ukihisi usingizi unakuja ukiwa kochini na mtoto, inuka.

Susu na bembea za leso nazipenda, na kwa mchana, mtu akiwa hapo anamtazama, hazina ubaya. Usiku hapana. Mtoto hujikunja, kidevu kikagusa kifua, na pumzi ikabanwa bila yeye kupiga kelele. Akilala bembeani, mtoe umlaze palipo bapa.

Chandarua ni lazima, pwani yetu ina malaria. Mama anayehudhuria kliniki ya wajawazito hupewa kilichotiwa dawa. Kikiwa kipya, kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Kila jioni kabla ya Magharibi kiteremshe na ukipenyeze chini ya godoro pande zote, kisha upitishe mkono kuona kama mbu hakufungiwa ndani.

Sasa joto. Kaskazi inapovuma, Desemba mpaka Machi, mtoto wa Lamu aamkaye usiku mara nyingi anaamka kwa joto tu. Nguo moja nyepesi ya pamba, au nepi peke yake, inatosha. Kofia na soksi ndani ya nyumba ni za kuvuliwa, hata akiwa na siku tatu za kuzaliwa, maadamu ni mzima na hali ya hewa ni ya moto. Mpime kwa kugusa kifua au shingo kwa nyuma. Mikono na miguu ya mtoto mara nyingi huwa ya baridi na itakudanganya. Shingo ikiwa na jasho, au vipele vya harara vimetokea, ana joto. Feni ielekezwe ukutani ili hewa izunguke, isimpige usoni. Mvumo wake wa sawasawa utafunika pia mlio wa punda na maneno ya barabarani. Stima ikikatika, mhamie chumba cha upande wa upepo kuliko kumpepea kwa kipepeo mpaka mkono ukufe ganzi. Kusi ikishaingia, na hasa wakati wa kipupwe, mwongezee fulana moja na suruali nyepesi, basi.

La mwisho hapa ni moshi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba anacholala, hata kwa kukausha nepi wakati wa mvua. Dawa ya mbu ya kuwasha ni ya nje. Na ubani: sitamwambia mtu aache kufukiza nyumba yake. Fukiza alasiri mtoto akiwa chumba kingine, kisha fungua madirisha, na mtoto aingie moshi ukishatoka wote ikabaki harufu.

Hatua ya 3: Jioni, baina ya Magharibi na Isha

Katika nyumba yetu ya kawaida, huu ndio wakati wa fujo kubwa. Watoto wamerudi kutoka chuo cha Kurani, wageni wanabisha hodi, taa zote zimewashwa, televisheni imewashwa, na kila anayeingia anataka kumbeba mtoto na kumrusha juu. Mtoto wa miezi 3 hawezi kutoka katika hayo akalala. Huonekana amechangamka, macho makavu, miguu inapiga, na watu husema "hana usingizi huyu". Ana usingizi kupita kiasi, na kila dakika inayopita inamfanya agome zaidi.

Chagua mambo matano na uyafanye kwa mfuatano ule ule kila jioni. Mimi napendekeza haya, kuanzia wiki ya sita hivi:

1. Adhana ya Magharibi ikisomwa, mtoto aingie chumbani. Mwanga upunguzwe: taa moja ndogo, pembeni.
2. Aoge maji ya uvuguvugu, dakika chache. Siku ambazo hakuna maji ya kutosha, mpanguse uso, shingo, makwapa na mapaja. Ni mfuatano unaomfundisha, wingi wa maji si kitu.
3. Mpake mafuta ya nazi kidogo, umkande miguu na tumbo polepole, kuzunguka kitovu kama mshale wa saa unavyokwenda. Nepi mpya, nguo ya kulalia.
4. Mnyonyeshe mpaka ashibe ziwa moja kabla ya kumhamisha la pili, kisha umcheulishe begani. Akilala ananyonya katika miezi ya mwanzo, si kosa.
5. Mwimbie wimbo mmoja. Huo huo kila siku, sauti ya chini. Anayejua kaswida asome kaswida, anayejua wimbo wa bibi yake aimbe huo. Kisha mlaze.

Ikifika Isha, mtoto wa miezi 3 na zaidi awe amelala au yuko karibu. Wageni waambiwe mapema, na baba ndiye wa kuwaambia. "Mtoto ameshalala, mtamwona asubuhi inshallah" ni maneno ya adabu yasiyomkasirisha mtu. Simu nayo ikae nje ya chandarua. Mwanga wake usoni mwa mtoto ni mchana mwingine.

Wiki 6 za kwanza usilazimishe saa. Watoto wengi wa umri huo hulia jioni bila sababu inayoonekana, na kilio hicho hupanda mpaka wiki ya sita hivi kisha hupungua, kikaisha miezi 3 au 4. Wenyewe tunaita chango. Mbebe kifuani, tembea naye kiwandani, mkande tumbo. Kinapita.

Hatua ya 4: Namna ya kumweka chini

Mtoto mchanga akianza kusinzia huanza na usingizi mwepesi: kope zinacheza, midomo inanyonya hewa, mara anatabasamu. Ukimweka wakati huo ataamka. Subiri dakika 15 hadi 20. Inua mkono wake uuachie: ukianguka mzito kama hauna mwenyewe, sasa tayari. Mteremshe makalio kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho. Wengi huteremsha kichwa kwanza, mtoto akahisi anaanguka, akarusha mikono na kuamka. Ukishamweka, usiondoke hapo hapo. Kiganja kimoja kikae kifuani pumzi kumi hivi, kisha ukinyanyue kidole kwa kidole.

Akifikisha miezi 4 hivi, badilisha. Sasa mweke macho yakiwa mazito lakini bado yamefumbuka nusu, ili usingizi wenyewe aupatie kitandani. Hili ndilo jambo moja litakalobadilisha usiku wako kuliko yote, kwa sababu ya kule kuchungulia nilikokutaja: mtoto aliyelalia mikononi akajikuta kitandani ataita, aliyelalia kitandani atajikuta alipojiacha. Siku za kwanza atalalamika. Mshike, mwimbie, mpigepige kidogo pajani, umbebe akilia kweli, umrudishe akitulia. Anza na usingizi wa kwanza wa usiku tu. Ule wa saa nane endelea nao vile ulivyozoea mpaka huu wa kwanza umekaa sawa.

Hatua ya 5: Akiamka usiku wa manane

Sikiliza kwanza. Watoto hukoroma, huguna, hujinyoosha na hata kulia kidogo wakiwa usingizini kabisa, na mama mwenye haraka humwamsha mtoto aliyekuwa amelala. Ngoja dakika moja au mbili. Kilio kikipanda, mwendee.

Mnyonyeshe gizani au kwa taa hafifu, bila mazungumzo. Usimtazame sana machoni. Atadhani mmekaa kucheza. Nepi ibadilishwe ikiwa ana choo au imelowa mpaka nje, na ibadilishwe kabla ya ziwa la pili ili alale akimaliza. Mcheulishe, mlaze. Usiku usikimbilie chupa kwa kudhani maziwa yako ni mepesi: homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, na kunyonyesha usiku ndiko kunakolinda maziwa ya mchana, hasa miezi ya mwanzo.

Alfajiri ina mtihani wake. Nyumba inaamka, taa zinawashwa, ndoo zinagongana, na mtoto naye anaona kumekucha. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili usingizi wake ni mwepesi sana. Wanaoamka kuswali watumie taa ya chumba kingine na wafunge mlango. Akiamka, mnyonyeshe ndani ya giza lile lile umrudishe. Siku anzisheni jua likitoka.

Baada ya miezi 6, mtoto aliye mzima, anayeongezeka uzito vizuri na anayekula mchana, anaweza kupunguziwa kunyonya kwa usiku ukipenda. Punguza dakika chache kila baada ya siku kadhaa katika zamu moja tu, ile ambayo hunyonya kidogo kisha akachezea ziwa. Baba aichukue zamu hiyo. Mtoto akipokewa na mtu asiyenuka maziwa hudai kwa siku mbili tatu, kisha huridhika na kupigwapigwa mgongo. Baba wengi wa kwetu wanaweza hili vizuri kuliko wanavyodhani.

Kuhusu kumwacha alie peke yake mlango umefungwa: sikushauri, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 ninakataza. Kwa mkubwa zaidi, njia ya kukaa karibu naye na kurefusha kidogo kidogo muda kabla ya kumshika ni jambo jingine. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012, uliowafuata watoto mpaka miaka 6, haukukuta kuwa njia za taratibu namna hiyo ziliwadhuru. Anayeitaka aifuate bila hofu. Asiyeiweza moyoni aiache, mtoto atafika.

Visivyoingia kinywani wala machoni

Asali, hata tone, hapana mpaka mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto na kumlegeza viungo mpaka pumzi. Anayefanya tahniki, yaani kumwonjesha kichanga kitu kitamu kaakaani, atumie tende iliyolainishwa, kwa mkono uliooshwa. Maji na uji hapana mpaka miezi 6. Maji humjaza bila kumshibisha, na uji kwenye chupa unaweza kumpalia. Dawa za mafua na za kikohozi zinazoleta usingizi hapana kabisa, kwani zinaweza kupunguza pumzi za mtoto, na kipimo kidogo kwa mkubwa ni kingi kwake. Wanja wa dukani mara nyingine una madini ya risasi, yanayoharibu ubongo unaokua, usimpake.

Tatizo huwa ni namna ya kumwambia mkubwa. Bibi akija na kijiko cha asali, usimpokonye wala usianze kumhutubia. Mwambie: "Mama, shikamoo, nimekusikia. Kliniki wamenambia asali ni mpaka atimize mwaka. Naomba wewe umchukue umwimbie, sauti yako anaijua." Mpe mtoto mkononi. Alitaka kusaidia, na sasa anasaidia.

Siku zitakazovuruga

Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huweza kuleta homa na usiku mbaya mmoja au miwili. Mnyonyeshe zaidi na ufuate alivyokuelekeza muuguzi. Karibu miezi 4 usingizi wenyewe hubadilika, na mtoto aliyekuwa analala vizuri huanza kuamka kila saa. Hajaharibika, endelea na mfuatano wako. Meno huja, safari za Mombasa huja.

Ramadhani nayo hugeuza nyumba nzima. Magharibi inakuwa futari, hakuna mikono ya kumwogesha mtoto, na daku inawasha taa saa tisa. Mtangulize: aoge saa kumi na moja na nusu ya jioni, apakwe mafuta, anyonye, awe tayari kabla adhana haijasomwa. Mmoja afuturu kwa zamu huku mwingine yuko naye chumbani. Daku ipikwe mbali na chumba chake. Mwezi ukiandama, mrudishe kwenye saa yake ya zamani usiku huo huo.

Mama, na lini kwenda kliniki

Mama hulala mtoto akilala, walau mara moja mchana, na vyombo vingojee. Ukiona huzuni haikuachi kwa wiki mbili, huwezi kulala hata mtoto akiwa amelala, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa na una tiba. Mwambie mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali.

Mtoto naye apelekwe bila kungoja asubuhi akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi na hajafika miezi 3, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akiwa mlegevu haamshiki, utosi ukididimia, kifua kikiingia ndani akivuta pumzi, au akiwa chini ya miezi 2 na pumzi zake zikafika 60 au zaidi kwa dakika. Degedege lipelekwe hospitali kwanza. Mengine yatafanywa akirudi.

Kwa usingizi mbaya wa kawaida, ngoja siku ya kliniki. Beba kijitabu cha Mama na Mtoto, na nyuma ya karatasi yoyote andika usiku mitatu ya karibuni: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alinyonya kwa muda gani, alivaa nini, na nani alilala naye. Mpe muuguzi karatasi hiyo na umwombe ampime uzito kabla ya lolote. Uzito ukipanda vizuri, mtaongea kuhusu mpangilio. Usipopanda, mtaongea kuhusu maziwa.